Hivi kwenye filamu mlemavu lazima aombe au apone?

Mkata Tiketi
Wakuu, salama?

Jana jioni mvua ilinikuta Mabatini, hapa Mwanza, nikakimbilia kibanda umiza. Kiingilio jero, benchi limelowa, poa tu. Ilikuwa bongo movie, jina nimelisahau. Kipofu anakaa nje ya kanisa na kopo lake. Anaibiwa, anatukanwa, mchumba anamkimbia. Mwisho mchungaji anamshika kichwa, macho yanafunguka, na kitu cha kwanza kukiona ni yule yule mchumba. Kibanda kizima makofi.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja fundi redio wa mtaani hapo. Haoni tangu utotoni. Huwa anakuja kusikiliza DJ akitafsiri filamu za Kichina. Akaniinamia: "Ameona?" Nikamwambia ameona. Akasema, "Sasa kesho huyo ataishije, maana kazi anayoijua ni kuomba tu."

Nilicheka mpaka nafika nyumbani. Halafu nikakaa kitandani nikaanza kuhesabu filamu nilizowahi kuona. Mlemavu ni ombaomba, au amelogwa, au ni mchawi mwenyewe, au anapona dakika ya mwisho. Fundi redio simwoni. Kwa nini?

Sangara Mbichi
Nakaa hapa mbele kabisa, huu uzi utakuwa mtamu.

Mama Nyakato
Umesahau wa kisasi. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tunamjua Thakur wa Sholay, aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar Singh, kila saa kajifunika shali. Ile filamu ya mwaka 80 ilitukalisha saa tatu na ushee, na siku shali ilipoanguka mama yangu alipiga kelele. Yule haombi wala haponi.

Mzee wa Kamanga
Sholay ni 1975, mama. 1980 labda ndipo ilipofika mtaani kwenu, maana mikanda siku hizo ilichelewa kama feri.

Mama Nyakato
Sawa babu, wewe uliyekuwa mtu mzima tayari.

Teke la Mwisho
Mnasahau Wachina! One-Armed Swordsman, 1967. Jamaa mkono mmoja anawachakaza arobaini. Halafu ile ya 1978, Crippled Avengers, kuna asiyeona, kuna asiyesikia wala kusema, kuna asiye na miguu, wanaungana wanalipa kisasi. Tulikuwa tukitoka kibandani tunafunga mkono mmoja ndani ya shati, tunapigana mpaka giza. Hapo mleta mada unalalamika nini? Mlemavu ndiye staa.

Mkata Tiketi
Staa, lakini Jimmy Wang Yu aliyemwigiza huyo wa mkono mmoja, mikono yake yote miwili ilikuwepo. Na wewe ulifunga mmoja kwenye shati kama yeye. Jioni mlifungua mkala ugali.

Teke la Mwisho
Hahaha umenipata.

Kofia Pana
Habari za asubuhi. Nina ualbino, naishi Buhongwa, nauza vipuri vya pikipiki. Niongeze aina ambayo hamjaitaja: muuaji.

The Da Vinci Code, filamu ya 2006. Kuna mtawa anaitwa Silas, ana ualbino, kazi yake kuua watu usiku. Anaendesha gari gizani, analenga bastola, hakosei. Mimi kibao cha hiace nakisoma ikiwa imeshanipita! Sisi wengi uoni wetu ni hafifu, macho yanachezacheza yenyewe, mwanga unatuumiza, na hata miwani haimalizi tatizo. Aliyeandika vile hajawahi kukaa na mmoja wetu hata mkono mmoja wa karata. Wenzetu wa Marekani, chama chao kinaitwa NOAH, walilalamika sana enzi hizo.

Na macho mekundu wanayatoa wapi? Yangu ni ya kijivu. Mteja mmoja aliwahi kuniambia "mbona macho yako ya kawaida," kama vile nimemdhulumu.

Sangara Mbichi
Kofia Pana nimecheka hapo kwenye hiace. Samahani lakini.

Kofia Pana
Cheka tu, nimeandika ucheke. Siku nyingine nipandishie mkono konda asimame.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, tatizo ni lugha kabla ya filamu. Angalieni majina: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo. Yote ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Mtoto anajifunza tangu anaanza kusema kwamba huyu ni kitu. Mwandishi wa filamu anakuja kuvuna tu kilichopandwa. Ndiyo maana leo tunasema mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino. Lile neno la zamani lenye "zeru" silitaji hapa.

Mkono Unasema
Mwalimu shikamoo. Mimi ni kiziwi na najiita kiziwi. Chama chetu kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, hatukukiita cha wasiosikia. Neno linalotuudhi ni "bubu". Kuhusu ngeli, kiongozi nayo ni KI-VI. Kijana, kinyozi, kiranja. Hao nao vitu?

Mzee wa Kamanga
Na kibaka na kichaa, mbona hao hukuwataja?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kiranja nimekikubali kwa shingo upande. Ila mbona wafalme na matajiri hawakupewa hiyo KI?

Mkono Unasema
Hilo siwezi kulijibu. Nirudi kwenye filamu. Bongo movie wakitaka kiziwi wanamchukua mtu anayesikia vizuri kabisa, anaanza kupunga mikono kama anafukuza nzi mwaloni kwenye samaki. Nikiangalia sielewi hata neno moja. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha, ina sarufi yake, huwezi kuibuni ukiwa ndani ya bajaji unaenda kurekodi. Wazungu nao walifanya hivyo hivyo: filamu ya Kifaransa ya 2014, La Famille Bélier, wazazi viziwi walichezwa na watu wanaosikia. Wamarekani walipoirudia kama CODA mwaka 2021 wakaweka viziwi wenyewe, na Troy Kotsur akabeba Oscar 2022. Kabla yake Marlee Matlin aliibeba akiwa na miaka 21, kwa filamu ya 1986. Kwa hiyo waigizaji wapo, wasituambie hawapo.

Na runinga zetu: mkalimani wanamweka kwenye kidirisha ukubwa wa stempu ya posta, halafu maandishi ya habari yanapita juu ya mikono yake.

Mama Nyakato
Hilo la stempu ni kweli, mimi na miwani yangu huwa simwoni.

Bint Igogo
Nimesoma kimya tangu juzi, ngoja niseme langu. Ni refu kidogo.

Shangazi yangu alipata polio akiwa mdogo. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, miaka mingi. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na nyuma ana kisanduku cha kubebea mizigo. Alfajiri anafika mitumbwi ikiingia, anapigania bei na wanaume, akirudi turubai limejaa. Mwaloni wanamwogopa kwa mdomo wake.

Miaka kadhaa nyuma ilikuja timu ya kutengeneza makala, wageni wawili na vijana wetu wawili. Sitawataja. Wakakaa naye siku mbili. Siku ya pili wakamwomba ashuke kwenye baiskeli asogee kwa mikono mpaka majini, pale penye matope na magamba ya samaki. Yule kijana mkalimani alimwambia, "Mama, baiskeli inaficha hadithi." Akashuka. Walirudia mara tatu kwa sababu jua lilikuwa halijakaa sawa. Turubai la dagaa wakalisogeza pembeni lisionekane.

Makala ilipotoka tuliangalia kwenye simu. Muziki wa kulia. Sauti inasema mwanamke huyu hana msaada wowote, kila siku anatambaa kutafuta chakula. Shangazi ndiye aliyenisomesha mimi. Leo mimi ni mhasibu. Na wadogo zangu wawili aliwasomesha yeye. Alipewa elfu ishirini na asante.

Sangara Mbichi
Duh.

Teke la Mwisho
Mara tatu??

Bint Igogo
Tatu. Jioni ile viganja vyake tuliviosha kwa maji ya chumvi.

Mzee wa Kamanga
Pole sana binti. Lakini niwe mkweli, msinipige mawe. Mimi nimefanya kazi na mashirika. Bila picha ya kuumiza, mfadhili hatoi. Viti mwendo vilivyogawiwa huku kwetu vililetwa na picha za namna hiyo. Ukimwonyesha shangazi yako anapiga kelele za bei na turubai limejaa, nani atatoa hela? Njaa ndiyo inayopigwa picha.

Bint Igogo
Baba yangu, baiskeli ya shangazi ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea Igoma. Aliilipa kwa awamu, dagaa kwa dagaa. Hakuna mfadhili.

Mzee wa Kamanga
Kwa huyo nimekubali. Kwa wengine bado nina shaka.

Fundi Kamera
Nilitaka nipite kimya. Siyo mimi niliyempiga picha shangazi, lakini nimefanya kazi hizo za vibarua na wageni, Mwanza, Geita, Sengerema. Niwaambie inavyokwenda. Karatasi inakuja imeshaandikwa: "mwathirika, mazingira magumu, tumaini." Wewe kazi yako kujaza visanduku. Kamera unaishika juu, mtu anatoka mdogo. Ukipiga chini usawa wa macho yake anatoka mtu mzima, lakini mhariri atakuambia picha haina hisia. Nilimpiga picha mtoto mmoja wa shule kutoka juu ya kiti. Juu ya kiti, jamani, na mimi mrefu hivi hivi. Akacheka akaniuliza, "Kaka, unanitafutia chawa?"

Picha ilitumika. Ya kucheka waliikata.

Kofia Pana
Asante kwa ukweli. Bado nina hasira lakini asante.

Mwanafunzi Malimbe
Wakuu, nasoma mawasiliano ya umma. Stella Young, mwandishi na mchekeshaji wa Australia aliyekuwa akitumia kiti mwendo, alisema mwaka 2014 kwamba picha za walemavu "mashujaa" zipo ili mzima ajisikie nafuu: angalau mimi siyo yule. Alizilinganisha na picha za ngono, mtu kageuzwa kifaa cha kumsisimua mwingine. Pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 8 inazitaka nchi zihimize vyombo vya habari kuwaonyesha watu wenye ulemavu kwa namna inayolingana na...

Teke la Mwisho
Mtihani lini dogo?

Mwanafunzi Malimbe
Jumatatu 😂

Mama Nyakato
Mwacheni mtoto. Ila mwanangu, mimi nikiona mtu asiye na mikono anamnyonyesha mwanawe nikatokwa na machozi, hayo nayo ni dhambi?

Kofia Pana
Siyo dhambi mama. Ila mimi wakati mwingine nimetoka tu dukani kununua mkate, mtu ananiambia "nakupongeza sana." Kwa mkate?

Mtoto wa Nansio
Mkiongelea makala na ualbino msiweke zote kapu moja. In the Shadow of the Sun, ya Harry Freeland, Mwingereza, ilitoka 2012. Aliipiga kwa miaka kama sita, sehemu yake kwetu Ukerewe. Ndani kuna Josephat Torner, mwenyewe ana ualbino, anaingia vijijini kule kule kwenye mauaji ya wenye ualbino, anakaa na wanakijiji anawauliza uso kwa uso: mnadhani mimi ni mzimu? Anapanda na Kilimanjaro. Yule haongelewi, anaongea yeye. Ikilinganishwa na ile ya shangazi wa Bint Igogo ni mbingu na ardhi.

Mkata Tiketi
Mtengenezaji ni mgeni pia, lakini.

Mtoto wa Nansio
Mgeni wa siku mbili na mgeni wa miaka sita hawalingani. Wa siku mbili hajui hata choo kiko wapi.

Mwanafunzi Malimbe
Kuna nyingine ya kuigiza, White Shadow ya Noaz Deshe, 2013, mtoto mwenye ualbino anaitwa Alias, ilishinda tuzo Venice kwa filamu ya kwanza ya mwongozaji. Ni nzuri ila inatisha mno.

Kofia Pana
Niliiangalia nusu nikazima. Sikatai kwamba mauaji yalikuwepo, mwaka 2007, 2008 sisi tulilala na mlango umeegemezwa kabati. Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara akaenda kwa waganga akafichua, mwaka 2008, na vitisho alivyopata mnavijua. Kazi ile ilitusaidia. Lakini baada ya hapo kila kamera inayokuja inataka panga. Hakuna aliyekuja kuuliza jua. Jua limetuua kimya kimya, saratani ya ngozi, na hakuna muziki unaowekwa hapo. Mafuta ya Kilisun ya kukinga jua yanatengenezwa Moshi, kwa hesabu ya ngozi zetu hasa, mngetengeneza filamu ya hao wanaochanganya mafuta ningelipa kiingilio mara mbili.

Sangara Mbichi
Mnakumbuka filamu ya mapanki, yale mabaki ya sangara? Darwin's Nightmare, 2004. Sisi Mwanza nzima tulifanywa walemavu siku ile. Ulaya wakadhani tunakula mafuvu ya sangara tu na ndege zinaleta silaha. Kikwete akaja juu 2006, watu wakaandamana mjini hapa.

Mzee wa Kamanga
Niliandamana.

Mama Nyakato
Uliandamana au ulipita?

Mzee wa Kamanga
Nilikuwa naelekea feri, maandamano yakawa yanaelekea huko huko.

Mkono Unasema
Sangara Mbichi, "tulifanywa walemavu" maana yake nini? Kwamba kufanywa mlemavu ndiyo tusi kubwa kuliko yote?

Sangara Mbichi
Aisee. Hapo nimeteleza, nisamehe ndugu. Nilitaka kusema walitudhalilisha.

Mkono Unasema
Imeisha. Ila ona ilivyotoka yenyewe.

Mwalimu Mstaafu
Narudia: lugha.

Mjomba Skripti
Mimi huandika bongo movie, wachache mnaweza kuwa mmeona kazi zangu na kuzijutia. Niwatetee waandishi kidogo. Filamu tunapiga siku tano hadi saba. Nahitaji mtazamaji ajue ndani ya dakika mbili kwamba huyu anaonewa. Nikimweka kijana wa kawaida nahitaji matukio manne kumwonyesha anaonewa. Nikimpa fimbo nyeupe nimemaliza. Ni uvivu, nakiri. Lakini siyo uchawi wala wafadhili, ni bajeti ya siku tano. Na siku nilipoandika kiwete mwenye duka na mke mwenye gubu, msambazaji aliniuliza, "Sasa ulemavu wake unafanya kazi gani humu?" Nikamjibu haufanyi kazi yoyote, ni mtu tu. Akaufuta.

Mkata Tiketi
Hilo swali la msambazaji ndilo kiini cha uzi wangu!

Teke la Mwisho
Uzi wako kiini kimeshafika kumi na tano.

Mwanafunzi Malimbe
Mjomba, je, umewahi kumwita mtu mwenye ulemavu kwenye usaili? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu ishirini na kuendelea asilimia tatu wawe wenye ulemavu.

Mjomba Skripti
Dogo, kampuni ya filamu yenye watu ishirini hapa Mwanza nionyeshe nikaombe kazi. Kwetu anayeongoza ndiye anayeshika taa na ndiye anayepika wali.

Usaili nao, chumba tunachokodi kiko ghorofa ya tatu, ngazi za zege hazina hata pa kushika. Aliwahi kuja binti mmoja wa magongo, akapanda zote. Alipofika juu jasho linamtoka, mwongozaji akasema safi sana, ana uso wa mateso, mpeni nafasi ya ombaomba. Binti akashuka zake. Ngazi zote tena. Nilikuwepo na sikusema kitu.

Bint Igogo
Ungesema.

Mjomba Skripti
Najua.

Mtoto wa Nansio
Mnazunguka imani. Vijijini kwetu watu wazima na akili zao wanasema mtoto kazaliwa hivi kwa sababu ya kijicho cha mke mwenza. Mtazamaji huyo ndiye mteja wa filamu. Mkimwonyesha ulemavu usio na sababu atauliza nani kamroga. Watengenezaji wanamuuzia anachokijua.

Fundi Kamera
Kuna ukweli. Lakini mteja alifundishwa na nani? Na filamu zile zile.

Mzee wa Kamanga
Kuku na yai. Twende tulale.

Mkata Tiketi
Kabla ya kulala: leo nimepita kwa yule fundi redio, nimemsomea uzi wote, betri ya simu imebaki asilimia nne. Kwenye Jimmy Wang Yu amekataa kata kata kwamba mikono ilikuwepo miwili. Anasema DJ alisema ni mmoja na yeye anamwamini DJ. Pia anasema kwenye filamu hajali sana kama mhusika ni kipofu au siyo, kero yake ni watu wa kibandani kunyamaza wakati wa kitendo. Mlango unapofunguliwa polepole wote kimya, yeye anabaki hajui nani kaingia. Anataka mtu wa kumnong'oneza tu.

Teke la Mwisho
Mwambie mimi nitakuja Jumapili. Nanong'ona vizuri.

Mama Nyakato
Wewe? Kibanda kizima kitasikia.

Bint Igogo
Na mimi nimemsomea shangazi, akiwa anaanika. Amesikiliza mpaka mwisho, kuhusu Thakur ameomba nirudie. Halafu ameuliza jambo moja: ile makala, mahali popote ndani yake, dagaa wake walionekana hata kwa mbali? Maana siku ile anasema walikuwa wakavu vizuri, wa kung'aa, hawana mchanga.

Nimemwambia hapana, walisogezwa.

Sangara Mbichi
Debe anauzaje sasa hivi?